Sabuni Nyekundu ya Waosha Wafu

Mtaani kwetu Naviundu, watoto hujua kwamba mtu amekufa kabla ya watu wazima kupashana habari. Wanajua kwa pua. Harufu ya ile sabuni nyekundu ikipita njiani, wanaacha mpira wao, wanasogea ukutani na kunyamaza. Hakuna aliyewafundisha. Aliyepita ni Mama Virginie, anatoka kuosha.

Jina lake hasa ni Hortense, lakini kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na Virginie ndiye mtoto wake wa pekee. Mimi ni Mama Benita. Nauza bunga la mahindi, unga wa kusongea bukari, kwenye kona ya njia iendayo mtoni, na nyumba yangu na yake zinagawana ukuta mmoja. Sisi watu wa Kasai tunasemwa kwamba tuna midomo, na mimi sikatai. Yeye ni wa kaskazini, baba yake alifanya kazi ya reli, na watu wa kwao ukiwauliza jambo asubuhi wanakujibu jioni. Tumeishi hivyo kwa raha, mimi nasema na yeye anasikiliza, mpaka watoto wetu wakaolewa.

Mama Virginie anaosha wafu. Si ajira, ni huduma ya bamama wa parokia. Msichana hapokelewi, wala mwanamke ambaye bado anazaa, kwa hiyo tunaoingia kwenye chumba cha mfu ni sisi tuliokwisha kufunga duka. Mama yake aliosha, nyanya yake aliosha, naye alirithi. Mimi nilijiunga baada ya mume wangu kufariki. Nashika ndoo, nakunja vikwembe, vitenge vya kumfunikia mfu, na huko pekee ndiko mdomo wangu hutulia.

Lakini mikono ile ile ya Mama Virginie ndiyo huitwa kuogesha watoto wachanga wa ukoo. Zamani kazi hizo mbili hazikukutana. Mama yake alipotoka kuosha mfu, alinawa kwa maji ya majani yaliyochemshwa, akakaa nyuma ya nyumba, chakula akaletewa huko, na hakugusa mtoto mchanga mpaka mwezi mwingine uonekane. Ilikuwa taabu, tena kwa mwanamke mwenye wajukuu. Ndipo ikaja sabuni nyekundu.

Ililetwa na malori ya mpakani, ikiwa na karatasi yenye picha ya nesi anayetabasamu, na maneno ya Kifaransa ya kuapa kwamba inaua mikrobe, vijidudu vya ugonjwa, karibu zote. Ilifika wakati wa ule ugonjwa wa barakoa, ambapo kila mlango ulikuwa na ndoo na kila mtu alinawa utadhani amechafua mkono kwa rushwa. Bamama waliosha nayo mikono baada ya kazi, wakaona inawasha kidogo, wakasema hii ni dawa. Sijui nani aliamua. Hakuna kikao kilichokaa. Ila polepole ikakubalika kwamba kile ambacho wazee walikikimbia kwa majani na mwezi mzima ni hizi hizi mikrobe, na kwamba sasa kimepatikana kitu cha kuziua. Majani yakaachwa. Mama Virginie akawa anasugua hadi kwenye viwiko, anasuuza, anavaa saa yake, anaenda moja kwa moja kumbeba mtoto.

Hivyo ndivyo alivyomwogesha Sylvain, mtoto wa kwanza wa Virginie. Virginie na mumewe Gauthier walikuwa bado wanakaa karibu yetu, na kila asubuhi bibi alikwenda na kanga yake begani na sabuni yake mfukoni. Kuna asubuhi alipitia kwanza kwenye nyumba ya bibi mmoja wa njia ya mtoni aliyefariki usiku, tukamwosha yule bibi, tukamvika, halafu Mama Virginie akanawa kwa nyekundu na kwenda kwa mjukuu. Sikuona ubaya. Hakuna aliyeona. Mtoto aliugua kifua baadaye, akapelekwa hospitali, akarudishwa akiwa amefunikwa. Mama Virginie alimwosha mwenyewe, katika beseni lile lile alilokuwa akimwogeshea, kwa sababu hakukubali mwingine amguse.

Baada ya hapo Virginie na mumewe walihamia upande mwingine wa Annexe, wilaya yetu ya nje ya mji, kule kwenye viwanja vya mahindi na nyumba ambazo hazijamalizika. Virginie akapata mimba tena. Mama yake alianza kuhesabu, na kutabasamu peke yake, jambo lisilo la kawaida kwake.

Sasa serikali yetu, ambayo haijawahi kutufikishia maji ya bomba, siku moja ikaamka na shauri la sabuni. Nilisikia redioni nikiwa napima bunga. Mkubwa mmoja alisema kwamba sabuni zote zinazojisifu kuua mikrobe zinaondolewa sokoni, kwamba wenye viwanda wameombwa ushahidi na hawakuleta, kwamba dawa iliyomo haimzidishii kitu mwenye kunawa, na huenda inadhuru ngozi na mito. Nilicheka. Nikapiga kelele juu ya ukuta kumwambia jirani yangu kwamba nesi wake wa kwenye karatasi amefukuzwa kazi.

Hakujibu. Hilo halikunishangaza. Jioni ilipofika bado alikuwa hajajibu, nikapitia mlangoni kwake. Nilimkuta ameketi na mikono yake juu ya mapaja, viganja juu, akiitazama.

"Mama Benita," akasema, "kama ile sabuni haikuwa inaua kintu, njo kusema bafu bote bangali mu mikono yangu."

Nilimwambia asiwe mjinga. Nilisema maneno mengi, ninayo ya kutosha. Lakini nilipokuwa nikisema, jina la Sylvain liliingia chumbani na kukaa kati yetu, na nilijua kwamba ndilo analofikiria, naye alijua kwamba nimejua. Nikaondoka mapema kuliko nilivyokusudia.

Tangu hapo alibadilika. Ukitaka kujua nilivyoogopa, sikiliza. Maji ya kuoshea mfu hatuyamwagi ovyo; tunachimba shimo pembeni ya ua, mahali pasipokanyagwa, tunayamimina na kufukia. Mama Virginie alianza kuzunguka mahali pote alipowahi kumwaga. Njia ya kwenda kanisani, ambayo ni ya kunyoosha tu, aliipita kwa kona nyingi, akikwepa ua wa huyu na ukuta wa yule. Nikitembea naye nilijikuta nami nakwepa. Siku moja nilisimama katikati ya njia yenye vumbi jekundu, jua limewaka, nikaona jinsi ambavyo watu wote wa mtaa wetu wanakanyaga juu ya maji hayo bila habari, wanauza nyanya juu yake, wanacheza juu yake.

Na mikono yake iliendelea kunuka. Hilo nalisema kwa sababu nililinusa mwenyewe. Sabuni nyekundu ilikuwa imekwisha kabisa nyumbani mwake, alikuwa ananawa kwa sabuni ya kawaida ya kufulia, ile nyeupe isiyo na harufu yoyote ya maana. Lakini akikupa sahani ya bukari, harufu ilikuja pamoja na sahani.

Wakaguzi wakaja sokoni. Walikuwa vijana wenye fulana za serikali, wakakusanya katoni kwa katoni, wauzaji wakawatukana, wao wakapakia. Laiti wangeondoka nazo mbali. Badala yake walizipeleka kwenye shimo la takataka ng'ambo ya mto, wakazichoma.

Sabuni haiungui kwa haraka. Inayeyuka, inachemka, inatoa moshi mzito unaotambaa chini. Asubuhi iliyofuata Naviundu nzima ilinuka. Watoto walitoka, wakanusa, wakasogea ukutani kama wanavyofanya siku zote, lakini safari hii walikuwa ukutani mtaa mzima, kila njia, kila mlango, wakisubiri kilio kianze. Watu wazima walitoka nje wakaulizana nani amekufa. Kila mmoja alitazama nyumba ya mwenzake. Mzee Chomba, anayekaa karibu na daraja, alifika kwangu amevaa koti lake la msiba na amebeba kiti chake mwenyewe, kama ilivyo ada kwetu ya kwenda kukaa kilioni, akaniuliza kilio kiko wapi. Nikamwambia hakuna. Alikaa tu pale kwenye kona yangu, juu ya kiti chake, na baada ya muda wakaja wengine wenye viti wakakaa naye. Walikuwa wanafanya kilio cha mtu ambaye bado hajajulikana, na mimi nikashindwa kuwafukuza.

Katika asubuhi hiyo hiyo Gauthier akapiga simu. Virginie amejifungua salama, mtoto wa kike, na wameshampa jina la bibi yake, Hortense. Kwetu wenye jina moja huitana "majina", na kuwa na majina wako ni furaha kubwa, ni kuambiwa kwamba hutaisha. Nilikimbia kumpelekea habari. Mama Virginie alikuwa amefunga madirisha yote kwa sababu ya moshi. Aliniambia niwape pongezi. Akasema hatakwenda.

Virginie alisubiri. Kwa desturi yao bibi mzaa mama ndiye anayeanza kumwogesha mtoto nyumbani, na mwingine akitangulia ni kama kumtangaza bibi kwamba ana ubaya. Kwa hiyo walikuwa wanampangusa mtoto kwa kitambaa tu, wakimngoja mwenye haki yake. Mwishowe, baada ya siku kadhaa, Gauthier alikuja mwenyewe. Ni kijana mwenye adabu, anafanya kazi kwenye kituo cha afya, hamtazami mama mkwe wake usoni anapoongea naye. Alikaa karibu na mlango, macho chini, akaeleza taratibu. Alisema Sylvain alizaliwa na tatizo la moyo, madaktari walilisema, na kifua kilikuja juu ya hilo. Alisema serikali haikutangaza kwamba kunawa hakufai. Ilitangaza kwamba ile nyekundu haiishindi nyeupe, na nchi nyingine zilishalisema zamani.

"Mama, sabuni haiue," akasema. "Inatoa tu ile bintu ku ngozi, na maji inabeba. Ata ile ya kufua nguo inatosha."

Mama Virginie aliviangalia viganja vyake.

"Na maji inapeleka wapi?"

Gauthier akatazama nje, uani. Ningekuwa na jibu ningelisema, mnanijua. Tuliketi watatu, na nje watu wa viti walikuwa bado wako kwenye kona yangu, ingawa moshi ulikuwa umeanza kupungua.

Gauthier alipoondoka, simu ya Mama Virginie ililia. Alikuwa Virginie. Simu ile ni ya zamani, sauti yake inasikika chumba kizima, na mimi sikutoka.

"Mama, minakuomba," Virginie akasema. "Kama hauje, nitawaza ni kweli."

Hakusema nini ni kweli, wala hakumtaja Sylvain. Hakuhitaji. Mama Virginie alishika simu sikioni hata baada ya kukatika. Kisha akaniomba nimsindikize, kwa sababu aliogopa kufika peke yake. Nami niliogopa, lakini nilifunga kibanda changu.

Tulifika kwao jua likiwa limepanda. Nyumba yao iko katikati ya mabua ya mahindi yaliyokauka, na upepo ukipita hapo ni kelele tupu. Virginie alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, amenenepa uso, macho yake hayatoki kwa mama yake. Alimkumbatia, akamwonyesha mtoto bila kumpa bado. Mama Virginie aliangalia akasema ni mutoto muzuri. Hakusema jina. Nilikumbuka kwamba tangu simu ya kwanza hajalitamka. Kila mara alisema mutoto.

Nikachemsha maji, nikayapoza, nikaweka beseni kivulini. Mama Virginie alinawa kwa sabuni nyeupe, polepole, kucha kwa kucha, na Virginie alimtazama. Kisha akanyoosha mikono, akapokea mjukuu wake.

Alianza kichwani. Akashuka upande wa kulia, toka begani mpaka vidole vya mguu, kwa kiganja kimoja, bila kurudi juu. Kisha upande wa kushoto, hivyo hivyo. Akainyoosha mikono ya mtoto akailaza ubavuni, akabonyeza magoti yasikunjike. Mtoto akanyooka. Hakulia. Alikuwa amefumbua macho, anatazama juu, hapepesi.

Mtoto mchanga haogeshwi hivyo. Mtoto mchanga anakandwa, anageuzwa, anapigwapigwa mgongoni, anachekeshwa, anamwagiwa maji mpaka anakasirika. Ule aliofanya Mama Virginie ni mwosho wetu wa kule chumbani, hatua kwa hatua kwa mpangilio wake, na pale kivulini ni wawili tu tuliokuwa tunaujua.

"Angalia vile anatulia," Virginie akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Kwangu analiaka tu."

Mkono wa kushoto wa Mama Virginie ukapanda, ukafika kidevuni kwa mtoto, na vidole viwili vikakaa chini yake, vikiufunga mdomo. Hivyo ndivyo tunavyoshika wakati kitambaa cha kufungia taya kinaletwa. Mimi ndiye huleta kitambaa. Naapa kwamba mkono wangu mwenyewe uliondoka ukaelekea kwenye nguo zilizokunjwa kabla sijauzuia. Na ile harufu ilikuwa pale, nzito, juu ya maji yenye sabuni nyeupe.

Mama Virginie akainua macho akanitazama. Alikuwa amejua. Niliona anataka kuutoa mkono na mkono hautoki. Umefanya kazi moja miaka mingi mno na haujui nyingine. Nikajiuliza kama na Sylvain ilikuwa hivi, na sikutaka kujijibu.

Ningeweza kumnyang'anya mtoto. Lakini Virginie angeona, angeuliza, na lile alilosema kwenye simu lingekuwa limepata jibu mpaka siku ya kufa kwao wote wawili. Nikatafuta kitu ambacho kule chumbani hatufanyi kamwe. Kule hatutaji jina. Hatutaji la mfu, hatutaji la anayeosha, kwa sababu wazee walisema jina likitajwa juu ya maji yale, mwenye jina anaitika. Nikasogea, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ninamkumbusha chumvi:

"Umwite."

Alitikisa kichwa kidogo. Nilielewa hofu yake. Jina la mtoto ni lake mwenyewe, na alikuwa anaombwa alitamke juu ya maji, kwa mikono ile.

"Umwite jina, Mama Virginie."

Mabua ya mahindi yalipiga kelele, yakanyamaza. Mtoto alikuwa bado anatazama juu.

"Hortense," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayeita nje ya mlango wa nyumba asiyojua kama ina watu. Hakuna kilichotokea. Akaita tena kwa nguvu. Hortense. Akaita tena. Na uso wa mtoto ukakunjamana, magoti yakapanda, mikono ikarushwa pande zote, na kikatoka kilio cha hasira ambacho kilimfanya jirani achungulie juu ya ua.

Virginie aliinuka nusu kutoka kwenye mkeka, akalalamika kwamba mtoto alikuwa ametulia vizuri na sasa wamemliza.

"Muache alie," nikamwambia, na niligundua kwamba mimi mwenyewe nalia.

Mama Virginie alikuwa amemgeuza kifudifudi juu ya mkono wake, anamsugua mgongo, anamkunja na kumkunjua, maji yanaruka mpaka kwenye kikwembe chake. Hakuacha kuita. Kila mtoto alipopumzika kuvuta pumzi, yeye alilitia jina pale pale katikati, haraka, akiogopa nafasi ile isibaki tupu. Aliendelea kujiita hivyo mpaka maji yakapoa, na mimi nikaenda kuchemsha mengine.